Vijana wa visiwani wasisubiri kompyuta ili waandike katuni

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na naomba radhi mapema kwa urefu. Jambo hili nimelibeba kifuani miaka kadhaa na sijapata pa kulitua.

Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzetu wa Unguja aliandika hapa kwamba vijana wa Zanzibar hawataingia katika kazi ya katuni mpaka ijengwe studio yenye kompyuta kubwa na waletwe walimu wa kuchora. Mengi aliyoyasema ni kweli. Kompyuta hatuna, na anayetaka kuchora katuni anazihitaji. Lakini barua yake yote, kutoka juu hadi chini, haikumtaja mwandishi hata mara moja. Wachoraji wametajwa, mafundi wa sauti wametajwa, hata muuza vifaa katajwa. Yule aliyekaa akawaza kwamba sungura atumbukie kisimani, aseme nini humo ndani na atoke vipi, hayumo. Ndipo nikaona nisinyamaze.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba. Kuchora sijui na sijawahi kujifunza. Hata hivyo skripti tatu nilizoandika zimekwisha kuwa vipindi vya katuni vya watoto, vimetengenezwa Dar es Salaam, na watoto wa mtaani kwetu wamevitazama bila ya kujua kuwa maneno yale yametoka Limbani, hapa hapa Wete, juu ya meza ya kulia chakula, baina ya Isha na saa tano usiku. Nayasema haya ili msomaji ajue kuwa njia ninayoieleza nimeipita mwenyewe.

Swali ninaloulizwa kila mara, na mama yangu mzazi ndiye wa mwanzo kuniuliza, ni hili: "Sasa wewe unaandika nini mwanangu, na ile ni michoro?"

Michoro huja nyuma. Kwanza kuna wazo, nusu ukurasa tu: nani anataka nini, nini kinamzuia, mwisho wake nini. Likikubaliwa unaandika muhtasari wa kurasa mbili tatu, onesho baada ya onesho. Ukikubaliwa huo nao, ndipo unapoandika skripti yenyewe, na hiyo hurudishwa ukaiandika tena na tena. Yangu ya kwanza ilirudi mara sita. Ikishatulia, hupangwa storibodi, yaani picha za rasimu zilizofuatana kama kurasa za kitabu cha vibonzo, na waigizaji huingia kurekodi sauti. Kwa kawaida sauti hutangulia. Mchoraji humsikiliza mwigizaji alivyovuta pumzi, ndipo naye akaufungua mdomo wa mhusika. Kwa hivyo sentensi ndefu isiyotamkika, ikimpita mwandishi, itamkaba mwigizaji, kisha itamkaba mchoraji.

Zipo pia studio ambazo hadithi huandikwa na wachoraji wenyewe juu ya storibodi, kutoka kwenye muhtasari mfupi. Huko mwandishi asiyechora nafasi yake ni ndogo, na ni vyema kijana alijue hilo kabla hajapoteza bando lake kutuma kazi.

Katuni nyingi za televisheni zina urefu wa dakika 11. Hizo ni sekunde 660. Kila sekunde ina fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana, kwa hivyo kipindi kimoja ni fremu 15,840. Hata kila mchoro ukikaa fremu mbili, kama ilivyo desturi katika katuni za kuchorwa kwa mkono, hiyo ni michoro 7,920. Siku hizi kompyuta hupunguza kazi, kwa vile mhusika huundwa mara moja kama kikaragosi, kisha akatembezwa viungo. Lakini kila mhusika mpya na kila mahali papya lazima mtu akae apabuni, na mtu huyo alipwe. Mimi nilikuwa siyajui haya yote nilipoandika skripti yangu ya kwanza.

Ilimhusu msichana wa miaka tisa aliyempoteza mdogo wake sokoni Darajani, mjini Unguja, mkesha wa Idi. Ukurasa wa mwanzo niliandika hivi: "Soko limejaa. Mamia ya watu wanapita na vikapu. Mvua inaanza kunyesha. Watu wanakimbia huku na huku." Sentensi nne. Anayeijua Darajani mkesha wa Idi atakubali kuwa sikuongeza chumvi.

Mwandishi mkuu wa kile kipindi alinipigia simu usiku. Ni kijana wa Dar, mdogo kwangu kwa umri, lakini mpaka leo namwita kaka kwa heshima ya kazi aliyonifunza. Akaniambia: "Mwalimu, shikamoo. Nimeisoma, na huyu mtoto nampenda. Ila hapa mwanzo kuna watu mamia, kuna mvua, na wote wanakimbia. Sisi tuna wachoraji wanne." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Soko usilitoe. Nitafutie soko hilo hilo ambalo sisi tunaweza kulichora."

Nilikaa nalo siku mbili. Nilijaribu kuwapunguza watu wawe ishirini, soko likawa limekufa. Nilijaribu kulihamishia uchochoroni, ikawa si Darajani tena. Siku ya tatu niliinama chini ya meza jikoni kutafuta kifuniko cha chupa kilichoanguka kikabingirika. Binti yangu akaingia. Sikumuona yeye, niliona ndala zake zinapita, zikasimama mbele ya jiko, zikageuka. Nikabaki pale pale chini. Mtoto wa miaka minne aliyepotea sokoni hawaoni watu mamia. Anaona miguu.

Nikaandika upya. Mdogo mtu kajificha chini ya meza ya muuza tungule. Tunaona anachokiona yeye tu: pindo la kanga, makubadhi ya mzee, gurudumu la mkokoteni, buibui linaloburura ardhini. Kisha ndala za buluu, moja ukanda wake umefungwa kwa waya. Mtoto anazijua ndala zile. Anafungua mdomo kuita, ndala zinapita. Tone la maji linaanguka ukingoni mwa meza. La pili. Miguu yote inaanza kukimbia. Tungule moja inaanguka, inabingirika mpaka kwake, anaichukua na kuikumbatia. Kimya. Ndala za buluu zinarudi pole pole, zinasimama mbele ya meza. Halafu linainama lile pindo la gauni, na kwa mara ya kwanza tunamuona dada yake uso.

Ukitoa sauti ya muuzaji anayenadi, hakuna mtu aliyenena neno katika onesho zima. Mvua ni matone sita. Watu mamia ni jozi kumi na moja za miguu, nilizihesabu. Wachoraji wanne waliimudu, na mwanzo ule ndio watoto wa darasani kwangu wanaoukumbuka mpaka leo. Nimelieleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo ulipo ufundi wa mwandishi wa katuni, na kuufanya huu mtu hahitaji kompyuta. Mimi niliufanya kwa kalamu ya risasi kwenye daftari la mistari.

Jambo la pili nililofunzwa ni kuacha kuandika kisichoonekana. Niliandika "Bibi anahuzunika." Likarudi na alama nyekundu. Anahuzunika vipi? Mchoraji achore nini? Nikaandika: "Bibi anakiweka kipande cha mkate wa kumimina sahanini. Hakuuma." Likapita. Sisi tuliolelewa na insha za "alifurahi isivyo kifani" na "alitokwa na machozi ya uchungu" tuna kazi kubwa ya kujivua hapo. Nami ninayewafunza watoto insha nimebadilisha namna ninavyosahihisha tangu siku ile.

Kulikuwa na mvutano mmoja, na huo sikukubali kushindwa. Kwenye skripti ile walibadilisha "tungule" wakaweka "nyanya". Hoja yao ilikuwa mtoto wa Mwanza au wa Iringa hataelewa. Nilimpigia simu yule kaka nikamwambia: muuzaji wa Darajani hauzi nyanya, anauza tungule, na mbatata, na Kiswahili sanifu chenyewe kimejengwa juu ya Kiunguja, kwa hivyo tungule si mgeni katika nyumba hii. Halafu nikamwambia lililo kubwa zaidi: kuna picha. Meza imejaa matunda mekundu, muuzaji anaita "Tungule! Tungule!", moja inaanguka mbele ya mtoto. Mtoto wa Mwanza atakuwa ameshajua neno jipya kabla hajajua kuwa anafunzwa. Alifikiri, akakubali. Wallahi nilifurahi kuliko siku niliyolipwa.

Malipo yenyewe, kwa anayetaka kujua, yalitosha kununua laptopu iliyotumika na nauli ya boti kwenda na kurudi. Sikuacha ualimu, na simshauri mtu aache kazi yake.

Sasa niseme kwa nini naamini kazi hii inatufaa sisi wa visiwani.

Bibi yangu alikuwa wa Mtambwe. Msimu wa karafuu, usiku, tulikuwa tunakaa juu ya jamvi tunachambua, karafuu huku na makonyo kule, wajukuu saba na taa moja ya chemni. Bibi anaanza: "Paukwa!" Tunaitika: "Pakawa!" Hadithi aliyoipenda ni ya kima na papa. Kima yuko juu ya mkuyu uliolalia baharini, anamrushia papa kuyu. Papa anamwalika kwao ambebe mgongoni. Wakifika kati ya bahari, papa anamwambia ukweli, kwamba sultani wao mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Bibi akifika hapo, vidole vyake vilikuwa vinasimama. Siku zote ni hapo hapo. Alikuwa anazungumza huku anachambua bila kuangalia, hata akifika kwenye neno "moyo" mikono inagota juu ya chungu ya karafuu, na sisi sote mikono yetu inagota. Unasikia chemni inavyowaka. Anatutazama mmoja mmoja. Kisha kidole kimoja kinaokota karafuu moja, na kima anasema: "Ungeniambia mapema. Sisi mioyo yetu huiacha mitini."

Miaka mingi baadaye mwandishi mkuu alinieleza kwa simu kuhusu kusimamisha kitendo kabla ya jibu, ili mtazamaji avute pumzi. Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa juu ya jamvi la Mtambwe.

Hadithi hiyo ya kima na papa iliandikwa kutoka vinywani mwa watu wa Unguja na Edward Steere, ikachapwa London mwaka 1870 pamoja na nyenzake. Kabla ya hapo ilikuwa imeshavuka bahari. India nako inasimuliwa tangu zama na zama, huko mwenzake kima ni mamba. Watu walikuja na majahazi na hadithi zao, wazee wetu wakazichukua, wakazipandia mkuyu, wakazitilia papa wa bahari yetu. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi, na ilifanywa hapa kabla ya umeme.

Lakini ukiangalia yanayotokea leo inauma. Julai 2023 zilitoka kwenye mtandao wa Disney+ filamu fupi kumi za katuni kutoka Afrika kwa jina la Kizazi Moto. Jina ni la lugha yetu. Nchi zilizotoa filamu hizo ni sita: Afrika Kusini, Kenya, Uganda, Nigeria, Zimbabwe na Misri. Niliihesabu orodha ile mara mbili nikiitafuta Tanzania. Na tangu mwaka 1994, katuni mashuhuri ya Marekani ya mwanasimba imeipa dunia nzima maneno yetu, Simba na Rafiki na hakuna matata, watu wakayavaa kwenye fulana, nasi tukawauzia watalii fulana hizo Forodhani. Lugha yetu imeingia katika katuni. Waandishi wetu bado.

Mwezi huo huo wa Julai 2023 ilitoka kwenye mtandao wa Netflix katuni ya Supa Team 4, ya wasichana wanne wa skuli mjini Lusaka. Aliyeibuni ni Malenga Mulendema wa Zambia. Alikuwa mmoja wa washindi wanane wa shindano la hadithi la Afrika nzima lililoendeshwa na studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini mwaka 2015. Tazama miaka: ametajwa mshindi 2015, watoto wamekiona kipindi 2023. Miaka minane. Na mwaka 2019 katikati hapo Netflix na Triggerfish walitangaza kuwatafuta waandishi wanawake wa Kiafrika waje kuandika vipindi vyake. Walisema waandishi, Mhariri. Hawakusema wachoraji. Hapa jirani Dar es Salaam, katuni ya watoto ya Ubongo Kids ilianza kuoneshwa 2014 kwa Kiswahili, na leo inatazamwa nchi nyingi za Afrika kwa lugha mbalimbali. Kwa hivyo asije mtu akasema mlango haupo.

Kijana anayeniuliza aanzie wapi, ninamwambia nilivyoanza mimi. Mwaka 2020 nilichukua kipindi kimoja cha dakika 11, nikazima sauti, nikaandika kila kinachotokea na sekunde yake. Kilinichukua saa nne. Nikakifanyia hivyo cha pili na cha tatu. Ndipo nilipoona kuwa dakika ya kwanza haiishi ila tumeshajua mtoto anataka nini, na kwamba akitakacho ni kitu cha kushikika: mpira, kiatu, zamu ya kubebwa. Kisha nikaandika skripti mbili za hadithi zangu mwenyewe. Usiandike ya kipindi cha watu ukawapelekea wenyewe. Studio nyingi hazikubali kuisoma, kwa kuchelea ugomvi wa nani alianza kuwaza nini. Wanataka waone mkono wako. Skripti ya dakika 11 hufika kurasa 15 na zaidi, ndefu kuliko ya filamu ya kawaida ambayo ukurasa mmoja huwa ni kama dakika moja, kwa sababu katuni mwandishi ndiye anayeeleza kila kitendo. Nilizituma sehemu tano. Nne hazikujibu. Ya tano ilinijibu baada ya miezi tisa, ikanipa jaribio la nusu ukurasa. Mlango mwengine ni kuingiza sauti za Kiswahili katika tamthilia za nje, kama hizi za Kituruki zinazotazamwa kila nyumba. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani anafanya kazi hiyo ya kufasiri, na anavyopima urefu wa neno kwa mdomo wa mwigizaji, hakuna darasa litakalomfunza zaidi.

Kuna jambo limenitokea ambalo nalisema kwa uchungu ili wengine wajikinge. Kabla ya hao walionikubali, kampuni moja nisiyotaka kuitaja ilinipigia, ikasema imevutiwa. Nikawaeleza hadithi yangu yote kwa sauti za WhatsApp, wahusika wanne, kisima, na jinsi kisima kinavyozungumza usiku. Wakanishukuru. Mwaka haujaisha nikaona tangazo fupi la katuni yao. Watoto wanne. Kisima kinachozungumza. Niliwaandikia mara tatu bila ya jibu. Nilipokwenda kwa mtu anayeijua sheria akaniuliza swali moja tu: "Umeiandika wapi?" Sikuwa nimeiandika popote. Hakimiliki hailindi wazo lililo hewani. Inalinda namna ulivyoliandika. Simu ile niliibadilisha, na zile sauti zikenda nayo. Tangu hapo siisemi hadithi kabla haijakaa kwenye karatasi yenye tarehe, na ninamhimiza kila kijana aende COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, asajili kazi yake kabla hajaionesha. Na mkataba usome. Mara nyingi wahusika utakaowaandikia ni mali ya studio, hilo ni la kawaida, lakini jina lako kuandikwa mwisho wa kipindi ni haki unayoweza kuidai kabla hujatia saini. Nimesoma kuwa Marekani waandishi wengi wa katuni wamo katika chama kimoja na wachoraji, wanadai pamoja. Sisi huku kila mmoja anadai peke yake, kwa simu, usiku, bando likiwa karibu kwisha.

Nina maombi, Mhariri, na nayatoa kwa heshima. Kwa wanaoandaa tamasha la filamu pale Ngome Kongwe kila mwaka: tuwekeeni meza moja ya waandishi, mtu aje na nusu ukurasa wake, akae robo saa mbele ya mtayarishaji anayejua katuni, arudi nyumbani na jibu. Wa Pemba tutapanda boti. Kwa shirika letu la utangazaji: visiwa hivi vilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, wakati wenzetu wa Bara walisubiri mpaka miaka ya 1990. Anzeni kununua skripti, hata tano kwa mwaka, hata kabla ya kupatikana wa kuzichora. Skripti haiozi. Kwa walimu wenzangu: mtoto anayechora pembeni mwa daftari tumezoea kumgombeza, na anayesimulia uongo mtamu wakati wa mapumziko hatumtambui kabisa. Na kwako wewe Mhariri, tenga safu moja kwa mwezi kwa hadithi ya watoto iliyoandikwa kama skripti, vijana waone inavyokaa kwenye karatasi.

Mwisho naomba msaada wa wasomaji, na huu ni wa haraka. Hivi sasa ninaandika nusu ukurasa juu ya kisima cha magofu ya Pujini hapa Pemba, kwa Mkama Ndume, mtawala wa zamani. Habari zake za ukatili, za watu aliowabebesha mawe huku wanatambaa kwa makalio, nimezisikia kwa wengi na zinalingana. Ninachokitaka mimi ni kisima. Wazee wanasimulia kuwa alikuwa na wake wawili wasiopatana, akakitia kisima ukuta katikati ili wasionane: mmoja anashuka kwa ngazi, mwengine anateka kwa ndoo na kamba kutoka juu. Nimewaza watoto wao wawili wanaosikiana sauti kupitia maji bila ya kuonana nyuso. Onesho zima ni ukuta, maji, ndoo na sauti mbili, na wachoraji wanne wanaliweza. Lakini kila niliyemuuliza ananipa jibu lake. Mmoja ananiambia ngazi ilikuwa ya mke mkubwa, mwengine anaapa ilikuwa ya mdogo. Wakaazi wa Pujini, na wa Chake Chake wenye wazee wa huko, nakuombeni mniandikie kupitia gazeti hili: nani alikuwa anashuka, na nani alikuwa anavuta kamba? Mtoto wa kwanza kusema siwezi kumuandika mpaka nijue mama yake amesimama wapi.

Wako,
Mwalimu wa Kiswahili,
Limbani, Wete, Pemba